Viazi vya Shamba Moja: Namna ya Kulinganisha Vipimo vya Jozi

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu wa darasa ayasome tena polepole baada ya wanafunzi kuyasikiliza. Kila mwanafunzi awe na karatasi, kalamu na sarafu moja.)

Somo letu ni la hesabu, lakini usiogope. Ukijua kutoa, kujumlisha na kugawanya, utatufuata mpaka mwisho.

Nianze na jambo ambalo kila mkulima wa Rungwe amepata kuliona. Mtu anakuja kijijini na mbegu mpya ya viazi mviringo. Anasema, "Mbegu hii inazaa kuliko yenu." Bei yake ni kubwa. Jirani yako mmoja ameipanda, naye anaisifu. Jirani mwingine ameipanda pia, naye anasema haina tofauti na ile ya zamani. Wewe una fedha kidogo, na fedha hiyo ndiyo ada ya mtoto. Je, umsadiki nani?

Usimsadiki yeyote kwa maneno matupu. Pima. Lakini kupima peke yake hakutoshi. Lazima ujue namna ya kupima, na namna ya kuvihesabu vipimo baada ya kuvipata. Watu wengi hupima vizuri, kisha hukosea katika kuhesabu. Somo la leo ni dawa ya kosa hilo.

Kwanza, namna ya kupima

Tuseme wakulima wanane wa kijiji kimoja wamepatana kuijaribu mbegu mpya. Mfano huu nimeutunga mimi kwa ajili ya somo, ili hesabu iwe nyepesi. Wangeweza kufanya hivi: wanne wapande mbegu mpya, na wanne wapande ya zamani. Je, hiyo ni njia njema? Hapana. Shamba la mtu mmoja lina samadi nyingi, la mwingine limechoka. Mmoja anapalilia mapema, mwingine anachelewa. Mbegu mpya ikishinda, hutajua kama ni mbegu iliyoshinda au ni samadi.

Njia iliyo bora ni hii. Kila mkulima achukue kipande cha shamba lake, akigawe sehemu mbili zilizo sawa. Sehemu moja apande mbegu ya zamani, sehemu ya pili apande mbegu mpya. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, jembe ni lile lile na mkono ni ule ule. Hapo tumepata vipimo viwili vinavyokwenda pamoja kama ndugu wawili wa nyumba moja. Vipimo vya namna hiyo huitwa vipimo vya jozi.

Lakini angalia jambo moja zaidi. Mashamba yetu ya Rungwe yana mteremko, na mvua ya Tukuyu hupita milimeta 2,000 kwa mwaka. Maji hayo huchukua udongo mzuri kutoka juu na kuuteremsha chini. Ukipanda mbegu mpya upande wa chini katika mashamba yote manane, umeipendelea. Basi, kila mkulima arushe sarafu. Ikiangukia kichwa, mbegu mpya ipandwe juu. Ikiangukia upande wa pili, ipandwe chini. Afadhali zaidi, gawa kipande kwa mstari unaoshuka na mteremko, ili kila sehemu iwe na juu yake na chini yake, kisha sarafu ichague kati ya kulia na kushoto. Sarafu haina mjomba wala shangazi; haimpendelei mtu.

Pili, vipimo vyenyewe

Wakati wa kuvuna, kila mkulima akapima viazi vyake kwa mzani. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni. Namba ya kwanza ni kilo za mbegu ya zamani, ya pili ni kilo za mbegu mpya.

Mkulima wa 1: kilo 42, na kilo 50.
Mkulima wa 2: kilo 60, na kilo 66.
Mkulima wa 3: kilo 35, na kilo 38.
Mkulima wa 4: kilo 71, na kilo 69.
Mkulima wa 5: kilo 48, na kilo 57.
Mkulima wa 6: kilo 55, na kilo 62.
Mkulima wa 7: kilo 30, na kilo 34.
Mkulima wa 8: kilo 64, na kilo 69.

(Hapa mwalimu asimame mpaka wote wamalize kunakili.)

Sasa nakuuliza: je, mbegu mpya inazaa zaidi? Mtu mmoja atafanya hivi. Atazichanganya namba zote za zamani katika kapu moja, na namba zote mpya katika kapu la pili. Katika kapu la kwanza ataona viazi vya kilo 30 mpaka 71. Katika kapu la pili ataona vya kilo 34 mpaka 69. Atasema, "Makapu haya yanafanana. Sioni tofauti." Naye kweli haoni, kwa sababu tofauti ya shamba na shamba ni kubwa sana, nayo imeifunika tofauti ndogo ya mbegu na mbegu.

Hilo ndilo kosa kubwa ninalotaka uliepuke. Mtu huyo alikuwa na jozi mkononi, akazivunja. Alipanda katika shamba moja makusudi ili mashamba yasimsumbue, kisha akaacha mashamba yamsumbue katika hesabu. Ukipima kwa jozi, hesabu kwa jozi.

Basi, tuifanye kazi kama ipasavyo. Kwa kila mkulima, toa namba ya zamani katika namba mpya, uandike tofauti. Mkulima wa 1: 50 kutoa 42 ni 8. Mbegu mpya imezidi, basi weka alama ya kujumlisha. Mkulima wa 4: mbegu mpya imepungua kwa kilo 2, basi weka alama ya kutoa. Ukimaliza, utakuwa na tofauti hizi:

+8, +6, +3, −2, +9, +7, +4, +5.

Ukizijumlisha utapata 40. Gawa kwa wakulima 8. Wastani ni kilo 5 kwa kila kipande. Tangu sasa tusahau zile namba kumi na sita. Kazi yetu ni juu ya tofauti hizi nane.

Tatu, je, si bahati tu?

Wakulima saba wanasema mbegu mpya imezidi, mmoja anasema imepungua. Lakini mtu mwenye busara atauliza, "Je, si bahati tu?" Hata ukipanda mbegu ile ile katika sehemu zote mbili, hazitatoa kilo sawasawa. Moja itazidi, kwa sababu ya fuko au jiwe au kivuli cha mgomba. Basi, kama mbegu hazina tofauti, kila shamba ni kama kurusha sarafu: nusu ya mara itakuwa kujumlisha, nusu ya mara kutoa.

Chukua sarafu yako. Ukiirusha mara moja, yanaweza kutokea mambo 2. Ukiirusha mara mbili, yanaweza kutokea mambo 4: kichwa na kichwa, kichwa na nyuma, nyuma na kichwa, nyuma na nyuma. Mara tatu, mambo 8. Kila mara unazidisha kwa mbili. Mara nane, mambo 256.

Katika hayo 256, ni mangapi yanayotoa kujumlisha 8 zote? Moja tu. Ni mangapi yanayotoa kujumlisha 7 na kutoa 1? Ni 8, kwa kuwa ile kutoa moja inaweza kuwa ya mkulima yeyote katika wanane. Jumla 9. Lakini kabla ya kupanda hatukujua ni mbegu gani itakayoshinda. Bahati ingeweza pia kutupa kutoa 7 au 8. Kwa hiyo tuongeze 9 nyingine, tupate 18. Jibu letu ni 18 katika 256, yaani kama 7 katika 100.

Maana yake nini? Maana yake, kama mbegu hazina tofauti yoyote, bahati tupu ingeweza kutupa matokeo ya kuegemea namna hii, au zaidi, kama mara 7 katika mara 100. Hesabu hii huitwa hesabu ya alama, kwa sababu inatazama alama tu, haitazami kilo. Ni hesabu ya zamani sana. Mwaka 1710 daktari mmoja wa Uingereza, jina lake John Arbuthnot, aliitumia kwa vitabu vya ubatizo vya London. Aliona kwamba katika miaka 82 mfululizo wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana kila mwaka, akaonyesha kwamba sarafu haiwezi kuanguka upande mmoja mara 82.

Je, 7 katika 100 ni kidogo ya kutosha? Wataalamu wengi wamezoea kuweka mpaka wao kwenye 5 katika 100, yaani mara moja katika ishirini. Mpaka huo ni desturi ya watu, si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Hata hivyo ni vizuri kuwa na mpaka, na kuuweka kabla ya kuvuna. Kwa mpaka huo, hesabu ya alama haijaturidhisha.

Kutoka hapa chukua fundisho la kukufaa. Ukiwa na jozi 5 tu, hata zikiwa za kujumlisha zote tano, hesabu ya alama itakupa 2 katika 32, yaani kama 6 katika 100. Hufiki mpakani hata ukishinda kote! Ukiwa na jozi 6 zote za upande mmoja, unapata 2 katika 64, yaani kama 3 katika 100. Basi ukitaka kutumia hesabu ya alama, usianze kazi na watu watano. Tafuta wa sita, na afadhali upate kumi au zaidi.

Nne, hesabu ya daraja

Lakini hesabu ya alama imetupa kitu kizuri. Tazama tena zile tofauti. Mkulima wa 4 alipungukiwa kwa kilo 2 tu, nayo ndiyo tofauti ndogo kuliko zote. Wale saba walizidi kwa kilo 3 mpaka 9. Je, si haki kuhesabu jambo hilo pia?

Mwaka 1945 mwanakemia mmoja wa Marekani, Frank Wilcoxon, alitoa njia nyepesi. Panga tofauti zako kwa ukubwa, usijali alama kwanza. Ndogo kabisa ipe daraja la 1, inayofuata daraja la 2, mpaka kubwa kabisa ipate daraja la 8. Kwetu sisi, 2 ni daraja la 1, 3 ni daraja la 2, 4 ni la 3, 5 ni la 4, 6 ni la 5, 7 ni la 6, 8 ni la 7, na 9 ni la 8. Sasa rudisha alama, ujumlishe madaraja ya zile zenye alama ya kutoa. Ni moja tu, nayo ina daraja la 1. Jumla ni 1.

Mambo ya bahati ni yale yale 256. Katika hayo, ni mangapi yanayotoa jumla ya 1 au chini yake? Ni mawili tu: kama hakuna kutoa hata moja, jumla ni 0, na kama kutoa ni ile ya daraja la 1 peke yake, jumla ni 1. Ongeza mawili ya upande wa pili, unapata 4 katika 256. Hiyo ni 1 katika 64, haifiki hata 2 katika 100. Sasa tumevuka mpaka. Viazi ni vile vile, wakulima ni wale wale, lakini hesabu hii imetumia habari ambayo ile ya kwanza iliitupa.

Tano, hesabu ya wastani

Ipo njia ya tatu, nayo hutumia kilo zenyewe. Iliwekwa mwaka 1908 na William Sealy Gosset, mtu aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin. Kiwanda hakikutaka wafanyakazi wake waandike kwa majina yao, naye akatumia jina "Student", yaani Mwanafunzi. Jina hilo limeshika mpaka leo. Basi nawe usione haya kuitwa mwanafunzi.

Njia yake huitwa hesabu ya t. Huuliza hivi: je, wastani wa tofauti ni mkubwa ukilinganishwa na kutawanyika kwa tofauti hizo? Wenye kujua kipeo cha pili na wafuate. Wengine wasikilize tu, watafika siku yao. Wastani wetu ni 5. Tazama kila tofauti imeachana na 5 kwa kiasi gani: 3, 1, 2, 7, 4, 2, 1, 0. Zidisha kila moja kwa yenyewe, ujumlishe: 84. Gawa kwa 7, yaani idadi ya jozi kutoa moja: 12. Gawa tena kwa idadi ya jozi, 8: 1.5. Kipeuo chake ni kama 1.22. Gawa wastani, 5, kwa 1.22: unapata kama 4.1. Katika majedwali, mpaka wa jozi 8 kwa 5 katika 100 ni kama 2.4. Sisi tumeupita mbali.

Sita, nichague ipi?

Hapa mwanafunzi atasema, "Mwalimu, umenipa hesabu tatu. Ya kwanza imekataa, mbili zimekubali. Je, nichague ile inayonipendeza?" La! Ukifanya hivyo umekuwa kama mwenye duka mwenye mizani tatu, anayenunua kwa moja na kuuza kwa nyingine. Hesabu huchaguliwa kabla ya kuvuna, kwa kutazama aina ya kipimo chako. Haichaguliwi baada ya kuona matokeo.

Shika mambo haya matatu.

La kwanza. Kama unachoweza kusema ni "hiki ni bora kuliko kile" tu, bila kipimo cha mzani wala rula, tumia hesabu ya alama. Rungwe ni nchi ya chai. Mpe kila mtu vikombe viwili vya chai, asijue kipi ni kipi, umwulize kipi kitamu. Huwezi kupima utamu kwa kilo. Hesabu alama. Akisema vimelingana, huyo mwache nje ya hesabu.

La pili. Kama umepima kwa namba, na tofauti zako zimetawanyika karibu sawa huku na huku ya katikati yake, wala hakuna iliyoruka mbali na wenzake, tumia hesabu ya t. Inatumia habari yote uliyonayo.

La tatu. Kama umepima kwa namba, lakini una hofu kwamba tofauti moja au mbili zitaruka mbali sana, tumia hesabu ya daraja. Nayo pia hutaka tofauti zitawanyike karibu sawa huku na huku. Zikiegemea mno upande mmoja, rudi kwenye alama.

Nikuonyeshe nguvu ya daraja. Tuseme karani alikosea, akaandika kwamba mkulima wa 5 alipata kilo 157 badala ya 57. Tofauti yake sasa ni 109, si 9. Wastani unaruka kutoka 5 mpaka 17.5. Utadhani ushindi umekuwa mkubwa zaidi, lakini kutawanyika nako kumekuwa kukubwa mno, na hesabu ya t inaanguka kutoka 4.1 mpaka 1.3, chini ya mpaka. Kosa moja la kalamu limeharibu kazi ya wakulima wanane. Lakini katika daraja, 109 bado ni daraja la 8, kama ilivyokuwa 9. Jibu halibadiliki hata kidogo. Hata hivyo daraja si ruhusa ya uzembe. Ukiona namba imeruka, rudi shambani ukaulize.

Saba, jozi zinavyoharibika

Si kila vitu viwili ni jozi njema. Rungwe tunafuga ng'ombe wa maziwa. Mtu anapima maziwa ya ng'ombe wake mwezi wa Septemba, wakati wa kiangazi. Kisha anaanza kumpa mashudu ya alizeti, anapima tena mwezi wa Januari, na maziwa yameongezeka. Je, ni mashudu? Pengine. Lakini Januari kuna mvua na majani mabichi. Tena ng'ombe hubadilika maziwa kwa kadiri ya siku zilizopita tangu kuzaa. Hesabu haiwezi kutengeneza kosa hilo. Itakuambia kwa uhakika kwamba tofauti ipo, wala haitakuambia imetoka wapi. Afadhali uchukue ng'ombe wawili waliozaa karibu siku moja, wa umri mmoja, urushe sarafu, mmoja apewe mashudu, na wote wapimwe mwezi ule ule.

Hata wakubwa wamekosea hapa. Mwaka 1930, katika wilaya ya Lanarkshire huko Scotland, watoto wa shule wapatao 20,000 walishiriki katika jaribio la kuwapa maziwa. Nusu walikunywa, nusu hawakunywa, kwa muda wa miezi minne. Lakini walimu waliruhusiwa kubadili baadhi ya watoto pale walipoona kundi moja lina walioshiba wengi mno au wenye njaa wengi mno. Wale wasiopata maziwa walionekana kuwa wakubwa kwa mwili tangu siku ya kwanza. Mwaka uliofuata Student yule yule aliandika kwamba, pengine, huruma ya walimu iliwapeleka watoto maskini kwenye maziwa. Akasema kwamba jozi 50 za mapacha wanaofanana kabisa zingetoa jibu la kuaminika kuliko watoto wote hao. Huruma ni njema, lakini kazi ya sarafu iachiwe sarafu.

Nane, jozi sita za Mwanza

Usidhani mambo haya ni ya viazi na maziwa tu. Hapa hapa Tanzania jozi zimewahi kutumiwa kwa jambo la uhai na mauti.

Mwaka 1991 mkoani Mwanza lilianza jaribio kubwa. Swali lilikuwa hili: je, magonjwa ya zinaa yakitibiwa vizuri katika vituo vya afya na zahanati, maambukizo ya virusi vya Ukimwi yatapungua? Walichagua maeneo 12, wakayapanga katika jozi 6. Eneo la kando ya ziwa lilipangwa na la kando ya ziwa, la barabarani na la barabarani, kwa kuwa maisha ya watu wa sehemu hizo hayafanani. Katika kila jozi, kura ilichagua eneo moja lianze kupata huduma bora: wauguzi wakafundishwa, dawa zikapelekwa bila kukatika, na watu wakaelimishwa. Eneo la pili lilisubiri zamu yake.

Baada ya miaka miwili watu walipimwa tena. Miongoni mwa waliokuwa hawana virusi mwanzoni, katika maeneo yaliyopata huduma waliambukizwa 48 katika 4,149. Katika maeneo mengine waliambukizwa 82 katika 4,400. Baada ya hesabu zote kusahihishwa, maambukizo yalikuwa yamepungua kwa kama asilimia 40. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1995.

Lakini tazama jambo hili: katika jozi zote sita, eneo lililopata huduma ndilo lililokuwa na maambukizo machache. Sita kwa sita! Wewe mwenyewe sasa unaweza kuipima habari hiyo kwa sarafu yako. Sita kwa sita ni 2 katika 64, kama 3 katika 100. Watafiti walitumia hesabu ndefu zaidi, lakini mtu wa Tukuyu mwenye kalamu anaweza kuuona ukweli wake kwa hesabu ya alama.

Nami nikuambie yote, nisifiche. Mwaka 1999 jaribio jingine, la Rakai nchini Uganda, lilitangazwa. Kule watu wote waligawiwa dawa majumbani kwao kila baada ya miezi kumi, na maambukizo ya virusi hayakupungua. Je, Mwanza walidanganya? La. Njia ya kutibu ilikuwa tofauti, na hali ya ugonjwa katika nchi hizo mbili haikuwa moja. Jaribio moja hujibu swali lake lenyewe, mahali pake na wakati wake. Hesabu njema hukuzuia usidanganywe na bahati. Haikupi ruhusa ya kuacha kufikiri.

Mwisho

Turudi kwenye viazi vyetu. Hesabu imetuambia kwamba zile kilo 5 ni vigumu kuziita bahati tupu. Je, basi ununue mbegu mpya? Hapo hesabu ya bahati imemaliza kazi yake, na hesabu ya mfuko inaanza. Uliza: kilo 5 zaidi katika kipande kile zinauzwa kwa shilingi ngapi sokoni? Mbegu mpya inazidi ya zamani kwa shilingi ngapi? Kama viazi vilivyozidi havirudishi bei ya mbegu, tofauti ni ya kweli lakini haikufai. Tofauti ya kweli na tofauti yenye faida si kitu kimoja.

Kwa ufupi, ndugu mwanafunzi: panga jozi zako kabla ya kupanda, iachie sarafu ichague, usizivunje jozi wakati wa kuhesabu, na chagua hesabu yako kabla ya kuvuna. Akija tena mtu na mbegu mpya kijijini, usimfukuze wala usimkimbilie. Mwambie, "Karibu. Tupe mbegu kidogo, tuigawe kwa wakulima wanane, na tukutane wakati wa mavuno."

Maswali ya darasa

1. Wafugaji 7 walijaribu chakula kipya cha ng'ombe kwa jozi. Jozi 6 zilikuwa za kujumlisha, jozi 1 ya kutoa. Kwa hesabu ya alama, bahati tupu ingeweza kutoa matokeo ya namna hii au zaidi mara ngapi katika ngapi?

2. Katika mfano wa viazi, tuseme mkulima wa 4 alipungukiwa kwa kilo 10 badala ya kilo 2. Je, hesabu ya alama itabadilika? Je, hesabu ya daraja itabadilika? Elezeni kwa nini.

3. Jadilianeni: ni vitu gani kijijini kwenu vinavyoweza kupimwa kwa jozi njema? Ni vipi vinavyoonekana kuwa jozi, lakini majira ya mwaka huviharibu?

Jibu la swali la 1: mambo yote ni 128. Upande mmoja ni 1 na 7, jumla 8. Pande mbili ni 16. Ni 16 katika 128, yaani 1 katika 8. Bado ni mapema kununua.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.